Kabla Dripu ya Kemo Haijafunguliwa

Mgonjwa wa kisukari anataja metformini bila kujiuma ulimi. Mwenye presha anakuonyesha kidonge chake na kukuambia kama ni cha asubuhi au cha jioni. Mgeukie mgonjwa wa saratani, umuulize anatumia dawa gani, na jibu la kawaida ni moja: "Niko kwenye kemo." Anamjua nesi mwenye mkono mwepesi wa kutafuta mshipa, anajua kiti kilicho karibu na dirisha, anajua hata bei. Jina la dawa halijui, na mara nyingi hakuna aliyemtajia.

Ushauri wangu kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza ni mmoja, na mengine yote yanauegemea: msikubali dripu ifunguliwe kabla hamjajua jina la dawa na kundi lake. Kemo si dawa moja. Ni rafu nzima ya dawa, na kila kundi lina mahali pake linapoigonga seli. Mahali hapo ndipo panapoamua madhara gani yatakupata, yatakupata lini, lipi ni la kuvumilia nyumbani na lipi ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo. Anayewekewa sisplatini na anayewekewa vinkristini wanaweza kukaa viti jirani, wakarudi kwa daladala moja, na bado wakahitaji uangalizi tofauti kabisa wakifika nyumbani. Majina nimeyaandika hapa jinsi yanavyotamkwa. Kwenye kadi yako yatakuwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo nakili herufi kwa herufi, pamoja na miligramu na tarehe.

Seli inayotaka kugawanyika ina kazi kubwa tatu. Kwanza inakusanya malighafi za kujengea DNA. Pili inainakili DNA yote, ili ziwepo nakala mbili. Tatu inanyoosha nyuzi ndani yake, na nyuzi hizo huvuta nakala moja upande huu na nyingine upande ule, kisha seli inakatika katikati. Seli ya saratani ni ile iliyopoteza breki: inarudia kazi hizo tatu hata pale mwili usipozihitaji. Dawa za kemo zinaingilia moja ya hatua hizo. Tatizo ni kwamba hazitambui saratani kwa sura; zinachokitambua ni mgawanyiko. Na mwilini wapo wengine wanaogawanyika kwa kasi: uboho wa mifupa unaotengeneza damu, mashina ya nywele, utando wa kinywa na utumbo, na seli zinazotengeneza mbegu za mwanamume. Hao ndio wanaoumia pamoja na adui.

Kundi kongwe kuliko yote lilitokana na silaha ya vita. Gesi ya haradali ilitumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na madaktari waliowapima walioathirika waligundua kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walisimamia majaribio ya kumpa mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu kemikali ya ukoo huo, na uvimbe ukanywea, ingawa si kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata meli ya Marekani iliyobeba gesi hiyo ililipuliwa katika bandari ya Bari, Italia, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha jambo lilelile kuhusu damu. Ukoo huo ndio uliozaa siklofosfamidi, dawa inayotumika leo kwa saratani ya matiti, ya tezi na nyingine nyingi.

Dawa hizi zinajibandika kwenye DNA yenyewe na kuzifunga nyuzi zake mbili pamoja. DNA ni kama zipu: isipofunguka haiwezi kunakiliwa, na siklofosfamidi inaingiza uzi katikati ya meno. Seli ikijaribu kuifungua inakwama, inahangaika kutengeneza, na ikishindwa inajiua. Uzuri wa kundi hili ni kwamba haliisubiri seli ifike hatua fulani. Linaipata hata iliyotulia, japo inayogawanyika ndiyo inayoumia zaidi.

Anayewekewa siklofosfamidi ana kazi moja ya kufanya kwa bidii: maji. Ini linapoivunja dawa hii linatoa taka iitwayo akrolini, na taka hiyo inapita kwenye mkojo na kuchoma ukuta wa kibofu. Kunywa maji kwa wingi siku ya dawa na inayofuata, usibane mkojo, na amka usiku kwenda haja. Dozi ikiwa kubwa, hospitali huongeza dawa ya kukinga kibofu iitwayo mesna. Ukiona damu kwenye mkojo usingoje tarehe ya kliniki. Na kama mgonjwa ana tatizo la moyo au figo linalomfanya awekewe kikomo cha maji, aseme mapema, kwa sababu hapo hesabu ya maji inatoka kwa daktari, si kwa jirani.

Dawa za madini ya platinamu zinafanya kazi inayokaribiana sana na hiyo, lakini zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria akitumia vyuma vya platinamu. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka tu. Ikabainika kwamba si umeme uliowazuia, bali kemikali iliyokuwa ikichujika kutoka kwenye vyuma. Kutokana na hapo tukapata sisplatini, kisha karboplatini na oksaliplatini. Kwa Afrika Mashariki sisplatini ina uzito wa pekee, maana ndiyo huwekwa mara moja kwa wiki pamoja na mionzi kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaojaza wadi zetu. Inaifanya seli ya saratani iathirike zaidi na mionzi. Kwa hiyo dada akiambiwa siku ya mionzi kuna dripu pia, asidhani ameongezewa adhabu. Viwili hivyo vinategemeana.

Sisplatini inaumiza figo, masikio na mishipa ya fahamu, na katika kemo zote ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kutapisha. Ndiyo maana kabla na baada yake unawekewa chupa kadhaa za maji ya dripu. Wapo wanaoomba chupa ya mwisho ikatishwe ili wawahi basi la mkoani. Usifanye hivyo, chupa hiyo ndiyo inayosafisha figo. Kichefuchefu chake kina hila: kinaweza kutulia siku ya kwanza kikarudi kwa nguvu siku ya pili hadi ya tano. Vidonge vya kuzuia kutapika, kama ondansetroni na deksamethasoni, vimezwe kwa saa ulizoandikiwa hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kuzima. Masikio yakianza kuvuma, au ukaona unaongeza sauti ya redio, sema. Daktari anaweza kubadili kwenda karboplatini, ambayo ni nafuu kwa figo na masikio ingawa inashusha zaidi chembe za kugandisha damu. Oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, ina kituko chake: kwa siku kadhaa baada ya dripu, ukishika kitu cha baridi vidole vinapigwa kama shoti, na maji ya friji yanaweza kukupa hisia kwamba koo linafunga. Watu wamedhani ni pepo. Ni dawa. Kunywa maji ya uvuguvugu na umwachie mwingine kazi ya kufungua friji.

Kundi la tatu linapiga kazi ya kwanza ya seli, ile ya kukusanya malighafi. Ni dawa za hadaa: zinafanana kwa sura na kiungo halisi, seli inazichukua, na ujenzi unakwama. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba, kati ya watoto 16 wenye saratani ya damu aliowapa aminopterini, 10 walipata nafuu. Haikudumu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na dawa ya kuwapa watoto hao. Farber alikuwa ameona kwamba foliki asidi, vitamini ambayo seli huihitaji ili kutengeneza DNA, ilionekana kuuchochea ugonjwa. Akafikiri kinyume: vipi tukiwapa kitu kinachoiziba njia ya vitamini hiyo? Methotreksati ya leo ni ndugu wa aminopterini na inaziba njia ileile. Fluorourasili na kapesitabini nazo zinajifanya kiungo cha kujengea DNA.

Hapa naomba msomaji asipite haraka, kwa sababu kundi hili ndilo linaloharibiwa kwa urahisi na vitu vilivyomo kabatini. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vina madini ya chuma na foliki asidi. Ndugu mwenye huruma akimwona mgonjwa amepauka, humnunulia. Kwa anayetumia methotreksati, foliki asidi inaweza kuipunguza nguvu dawa. Kwa anayetumia kapesitabini au fluorourasili inafanya kinyume, inayazidisha makali yake hadi kinywa kichubuke na kuhara kusimame kwa shida. Wakati mwingine daktari mwenyewe ndiye anayeandika kitu cha jamii hiyo kwa makusudi na kwa kipimo, na hapo mambo ni mengine. Kinachokatazwa ni kujinunulia.

Septrini nayo si ya kuchukulia poa. Inaziba njia ya foliki asidi upande uleule wa methotreksati, na zikikutana uboho unaweza kuzimika. Wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaoimeza kila siku kwa ushauri wa kliniki yao ya CTC, na kliniki hiyo huenda haina habari kwamba mtu wao ameanza kemo mahali pengine. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinazuia figo kuitoa methotreksati, nazo ziulizwe kwanza. Na kosa linaloua watu duniani kote ni kuimeza kila siku: methotreksati ya vidonge kwa ugonjwa wa viungo au wa ngozi humezwa mara moja kwa wiki. Mara moja. Andika siku yenyewe kwenye boksi kwa kalamu nene, "Jumatatu tu", kwa sababu mazoea ya kumeza dawa kila asubuhi yana nguvu kuliko karatasi ya maelekezo.

Kapesitabini ni vidonge, na vidonge vinadanganya watu kwamba si kemo. Ni kemo kamili. Viganja na nyayo zikianza kuwa nyekundu, kuwaka na kupasuka, hiyo ni alama inayojulikana ya dawa hii. Paka mafuta mazito, acha maji ya moto, acha viatu vya kubana, na mpigie daktari kabla ngozi haijachubuka, maana huenda akataka upumzike siku chache. Hidroksiurea, ambayo familia nyingi zinaijua kwa sababu ya mtoto mwenye sikoseli, nayo ni ya kundi hili la malighafi. Asiyejua hushtuka akiisoma kwenye orodha ya dawa za saratani, akamwachisha mtoto. Dozi na makusudi ni tofauti. Inawasaidia wenye sikoseli kwa kuongeza aina ya damu ambayo kichanga huzaliwa nayo.

Sasa tutoke nje, uani. Lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano, linalovumilia jua na mchanga na kupandwa kuzunguka nyumba nyingi za pwani, asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliletewa majani yake kutoka Jamaika, ambako watu walikuwa wakiyanywa kama chai ya kisukari. Sukari haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu, na kutokana na hilo zikapatikana vinblastini na baadaye vinkristini. Zinashika kazi ya tatu ya seli: zinazuia nyuzi za kuvutia nakala zisijengeke, hivyo seli inafika mlangoni pa kugawanyika na kukosa kamba.

Najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kulitazama ua hilo kwa jicho jingine. Acheni lipendeze uani. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu 1 ya vinkristini, na dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Ukichemsha majani huwezi kujua umekunywa nini na kwa kiasi gani, isipokuwa kwamba ni sumu.

Vinkristini haizishushi chembe nyeupe kama dawa nyingine, lakini inashambulia mishipa ya fahamu, ikiwemo ya utumbo. Kufunga choo kunaanza siku chache baada ya sindano na kunaweza kuwa kukali hadi tumbo kuvimba. Dawa ya kulainisha choo ianze mapema, isisubiri siku ya nne. Taya huuma. Vidole hufa ganzi, na ukiona mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati au anaburuza vidole vya mguu akitembea, daktari aambiwe kabla ya dozi nyingine. Dawa hii ni ya mshipani tu. Ikiingizwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo, huua, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka iandaliwe kwenye kimfuko kidogo cha dripu badala ya bomba la sindano, ili isije ikachanganywa na dawa za mgongoni. Mzazi mwenye mtoto anayepewa dawa za aina zote mbili ana haki kamili ya kuuliza, kwa adabu, "Hii ni ya wapi?"

Paklitakseli, iliyotoka kwenye gome la mti wa pwani ya Pasifiki huko Marekani, inagusa nyuzi zilezile lakini kwa njia iliyo kinyume. Mtafiti Susan Horwitz alionyesha mwaka 1979 kwamba haizuii nyuzi kujengeka. Inazigandisha zisibomoke tena. Seli inayohitaji kuzijenga na kuzibomoa inakwama na nyuzi ngumu zilizojazana. Mimi huliona hilo kuwa la kuvutia kuliko yote katika elimu hii: ukiikosesha seli kamba inakufa, na ukiizidishia kamba inakufa vilevile. Kwa mgonjwa, la kukumbuka ni kwamba paklitakseli haiyeyuki kwenye maji, inachanganywa na kiyeyushi kinachoweza kuleta mzio mkali ndani ya dakika chache za mwanzo, hasa kwenye dozi ya kwanza na ya pili. Kama umepewa deksamethasoni za kumeza usiku wa kuamkia dripu, usiziache, na kama umezisahau sema kabla hujachomekwa. Kifua kikibana, uso ukiwaka au mgongo ukiuma ghafla, ita. Usione haya. Siku ya pili hadi ya nne misuli na viungo huuma kama mwenye homa ya mafua, hiyo hupita. Ganzi ya nyayo hujengeka polepole, dozi kwa dozi, na inaweza kubaki, kwa hiyo usiitaje kwa kupunguza kwa hofu kwamba daktari atasitisha dawa.

Halafu kuna dawa nyekundu, ile ambayo wagonjwa huipa jina la rangi yake. Ni doksorubisini, na asili yake ni vijidudu vya udongo wa Italia. Ikiwekwa kwa mkono utaiona: nesi amevaa glavu na aproni, ameshika bomba lenye kimiminika chekundu kama sharubati ya rozela, anakisukuma kidogokidogo huku maji ya dripu yakitiririka pembeni, na kila baada ya muda anavuta nyuma kidogo kuona kama damu inarudi. Haendi taratibu kwa uvivu. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa inaoza nyama. Ukihisi inawaka, inachoma au mkono unavimba pale kwenye kanula, sema sekunde hiyohiyo, hata kama umeambiwa ukae kimya. Usisugue. Wauguzi huweka kitu cha baridi kwa dawa hii, ilhali kwa vinkristini huweka cha uvuguvugu; nayo ni sababu nyingine ya kujua ni ipi iliyovuja.

Doksorubisini inajipenyeza kati ya ngazi za DNA na kukifunga kimeng'enya kinachoikata na kuiunga tena wakati wa kunakili. DNA inabaki imekatika. Etoposidi na irinotekani nazo zinacheza na vimeng'enya vya aina hiyo. Mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili baada ya dawa nyekundu ni rangi ya dawa. Ukiendelea baada ya hapo, au ukiwa pia umepewa siklofosfamidi na unasikia maumivu, upimwe. Jambo kubwa ni moyo. Madhara ya doksorubisini kwa moyo hayahesabiwi kwa dozi ya siku moja, yanahesabiwa kwa jumla ya maisha yote, na kikomo cha kawaida kiko kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Hii ndiyo sababu hupimwa urefu na uzito, na ndiyo sababu ya kipimo cha moyo kabla ya kuanza. Mtu aliyetibiwa Mwanza akahamia Dar es Salaam, au aliyeanza Nairobi akamalizia India, asipokuwa na kumbukumbu ya jumla hiyo anamlazimisha daktari mpya kukisia. Weka picha ya kila ukurasa wa kadi kwenye simu, na nakala nyingine kwenye simu ya mtu mwingine.

Bleomisini nitaitaja kwa sababu moja: inaweza kukausha mapafu. Kikohozi kikavu au kuhema unapopanda ngazi si cha kutibiwa kwa sharubati ya dukani. Na hata miaka baadaye, ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba uliwahi kuitumia.

Kwa nini basi huchanganywa mbili, tatu, nne kwa mpigo? Sehemu ya jibu iliandikwa hapa kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika ya kitropiki kwa wiki chache. Siklofosfamidi, methotreksati na vinkristini zilijaribiwa kwao, na baadhi yao wakapona kabisa, jambo lililokuwa gumu kuaminika wakati huo. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya uvimbe huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Wamarekani, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mantiki ya kuchanganya ni hii: seli iliyojifunza kuikwepa dawa moja bado inaweza kunaswa na nyingine inayopiga mahali pengine, na madhara ya kila moja yanaangukia kiungo tofauti badala ya kurundikana kwenye kimoja.

Mizunguko mingi nayo ina hesabu yake. Uvimbe wa sentimita 1 unakadiriwa kuwa na seli zipatazo bilioni 1. Kila dozi inaua sehemu fulani ya zilizopo, haiui zote. Uvimbe unapopotea mkononi, yaani ukipapasa huukuti, bado zinaweza kubaki mamilioni. Watu wengi huacha hapo, wakimshukuru Mungu na kurudi shambani, na ugonjwa hurudi ukiwa umeshaijua dawa. Ile nafasi kati ya dozi na dozi, mara nyingi ya wiki tatu, imewekwa kwa ajili ya uboho, ambao hujitengeneza haraka kuliko uvimbe. Damu inapopimwa kabla ya dripu, anayeulizwa ni uboho: umerudi kazini? Ukiahirishiwa kwa wiki moja kwa sababu chembe nyeupe ziko chini, usione umefukuzwa.

Usipime kemo kwa ukali wa mateso. Doksorubisini na paklitakseli hunyonyoa nywele karibu zote kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Kapesitabini na sisplatini mara nyingi huziacha. Nywele zilizobaki hazimaanishi dawa ni hafifu, na aliyetapika sana hakutibiwa zaidi ya asiyetapika. Na si kila dawa ya saratani ni kemo: tamoksifeni inazuia homoni isiifikie seli ya saratani ya matiti, trastuzumabu inashika alama fulani iliyo juu ya seli hiyo. Maelezo ya madhara niliyoyatoa hapa hayazihusu.

Kwa kemo nyingi, chembe nyeupe hufika chini kabisa takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi. Zungushia siku hizo kwenye kalenda. Nunua kipimajoto, cha kwapa au cha mdomoni, kabla ya kununua chochote kile. Joto likifika 38, hiyo ni dharura, na hapa ndipo mazoea yetu yanapotuponza: homa kwetu ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo mtu anapita duka la dawa, anachukua mseto na paracetamol, analala. Paracetamol inashusha joto na kukificha kinachoendelea. Mtu asiye na chembe nyeupe anaweza kufa kwa maambukizi ya bakteria kabla ya kesho kutwa, na anachohitaji ni antibiotiki ya mshipani ndani ya saa ya kwanza ya kufika. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, bado aende hospitali. Pale mapokezi usianze na historia ndefu; sema, "Mgonjwa huyu yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho siku kumi zilizopita, joto 38.4." Kutokwa damu kwenye fizi au vidoa vyekundu vidogo kwenye miguu ni dharura ya namna hiyo pia.

Nyumbani, kwa saa 48 baada ya dripu, dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, choo kimwagiwe maji mara mbili, na mama mjamzito aachiwe kazi nyingine. Wenye umri wa kuzaa watumie kinga ya mimba muda wote wa tiba, na wanaotamani watoto baadaye wamuulize daktari kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu siklofosfamidi na jamaa zake hazirudishi mayai ziliyoyaua.

Ikabaki mitishamba. Sina ugomvi na mwarobaini wala mlonge. Ugomvi wangu ni na kuchanganya kimyakimya. Ini ndilo linaloivunja paklitakseli, vinkristini na doksorubisini, na ndilo hilohilo linalopewa chupa ya dawa isiyojulikana kipimo. Vipimo vya ini vikipanda, daktari anaipunguza kemo akidhani kemo ndiyo yenye kosa. Kwa hiyo siku ya kliniki, kila kitu unachomeza kitie kwenye mfuko mmoja: vidonge vya presha, vya CTC, vya kuongeza damu, chupa ya shangazi kutoka kijijini, unga uliouziwa stendi. Mpe mfamasia mfuko wote, aupange mezani, akuambie kipi kirudi nyumbani na wewe na kipi kibaki.